Bwawa Lililokufa Ligeuzwe Uwanja wa Nyasi

Nyuma ya baadhi ya nyumba za zamani katika vilima vya Kampala, na katika mitaa ya Entebbe inayotazama ziwa, kipo kitu ambacho mpita njia hakioni. Mgeni akikaribishwa upande wa mbele huona maua na ua uliokatwa vizuri. Lakini akizunguka hadi upande wa jikoni hukuta shimo kubwa la zege, lenye rangi ya samawati iliyobambuka, ambalo zamani lilikuwa bwawa la kuogelea. Pampu imekwisha kufa, vigae vimeng'oka, na ndani yamebaki maji ya kijani, majani yaliyooza na vyura wanaolia usiku kucha.

Shimo la namna hiyo huweza kukaa miaka mingi, likirithiwa na mwenye nyumba mmoja baada ya mwingine. Kulifufua kunataka fedha nyingi, na kuliondoa hudhaniwa kuwa ni kazi ya makampuni yenye mitambo. Hivyo kila mmoja hulifunika kwa mabati machakavu na kusema, "Tutaona mwakani." Ukweli ni kwamba familia yenye subira, sururu, mabeleshi na fundi mmoja anayeijua kazi yake inaweza kuligeuza bwawa hilo kuwa uwanja wa nyasi katika muda wa mwaka mmoja. Neno kubwa hapo ni subira, kwa maana nyasi hazisemi uongo: kila kosa lililofukiwa chini yake litaonekana juu siku moja.

MAJI YALIYOLALA

Kabla ya kueleza habari za nyasi, yafaa kuonyesha kwa nini bwawa lililoachwa lisivumiliwe. Mvua ya milimita 1 huacha lita 1 ya maji juu ya kila mita 1 ya mraba. Bwawa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5 lina eneo la mita 50 za mraba. Kwa hiyo mvua moja kubwa ya milimita 40 huliongezea lita 2,000. Mahali penye misimu miwili ya mvua kila mwaka, shimo la zege lisilo na njia ya kutolea maji halikauki kwa urahisi.

Na penye maji yaliyotulia pana mbu. Katika nchi za joto, yai la mbu huhitaji kama wiki moja hadi mbili tu kufikia kuwa mbu anayeruka. Mbu wa anofelesi, aenezaye malaria, aghalabu hupenda maji yasiyo machafu, kama yale ya mvua. Mbu wa kuleksi hustawi hata katika maji yaliyooza. Bwawa lililoachwa huwakaribisha wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake.

Jambo hili limethibitika hata katika nchi tajiri, tena kwa ugonjwa wenye asili ya jina lake hapa Uganda. Mwaka 1937 watafiti waliokuwa Entebbe walipata virusi vipya katika damu ya mwanamke mmoja wa Wilaya ya West Nile, na virusi hivyo vikapewa jina la wilaya hiyo. Huenezwa hasa na mbu wa kuleksi. Mwaka 1999 viliingia New York, Marekani, na baadaye vikaenea nchi nzima. Ilipofika mwaka 2007, watu wengi katika mji wa Bakersfield, California, walishindwa kulipa mikopo ya nyumba. Nyumba zikaachwa, na mabwawa yake yakageuka kijani. Wataalamu walioyachunguza mabwawa hayo kwa picha zilizopigwa kutoka angani waliyahusisha na ongezeko la asilimia 276 la wagonjwa wa virusi vya West Nile katika kiangazi cha mwaka huo. Hakuna aliyekuwa amekusudia kufuga mbu. Waliyaacha maji tu.

Hatari ya pili haina mabawa. Kuta za bwawa la zamani huota ukungu na kuteleza kama sabuni, ngazi za chuma huliwa na kutu, na maji ya kijani huficha kina chake. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji haba, tena bila kupiga kelele, kwa muda mfupi kuliko ule wa mama kukoroga ugali. Mabati yaliyowekwa juu si kinga. Ni mtego, kwa kuwa huonekana kama sakafu.

NJIA NI TATU

Mwenye bwawa ana njia tatu za halali. Ya kwanza ni kulitengeneza na kulitumia, jambo ambalo ni jema mahali penye watu wengi, mathalani katika klabu au mesi, kwa sababu kujua kuogelea ni elimu yenye thamani kwa watu wanaoishi kando ya ziwa. Ya pili ni kulikausha kwa muda, kulizungushia ua wa kudumu wenye mlango unaofungwa, na kuondoa maji kila baada ya mvua. Ya tatu ni kuliondoa kabisa. Njia ya nne, ambayo ni kuliacha lilivyo, haimo katika hesabu.

Chukua mfano wa sajini mstaafu wa jeshi aliyetumia kiinua mgongo chake kununua nyumba ya zamani yenye bwawa la namna hiyo. Yeye na mkewe walikwisha kulizoea. Lakini asubuhi moja ya mwezi wa Desemba mpira wa mjukuu wao wa miaka mitatu ulikutwa ukielea juu ya maji ya kijani, mbali kidogo na ukingo.

"Mzee," mama akauliza, "mpira huu ulikwenda peke yake?"

Sajini hakujibu upesi. Alikwenda akasimama ukingoni, akautazama mpira, kisha akasema, "Kesho naleta lori za taka. Tunafukia, tunamwaga udongo juu, tunapanda nyasi. Mwezi wa nne wakwe wanapokuja kujitambulisha, tunawakalisha hapa hapa."

"La, Baba watoto. Taka zikioza zitanywea, na wakwe watakuwa wamekaa juu ya shimo. Si wewe uliyetusimulia habari za handaki lililojaa maji usiku mmoja kwa sababu vijana walisahau mfereji? Hili nalo ni handaki. Tulipe mfereji kwanza."

Maneno ya mama huyo yana kiini cha kazi yote. Makosa mawili ndiyo huharibu bustani nyingi za aina hii: kufukia bila kuyapa maji njia, na kufukia vitu vinavyooza.

KUONDOA MAJI NA VITU VYA HATARI

Kalenda ya kazi hupangwa kwa kufuata mvua. Katika sehemu za Kampala na Entebbe mvua za masika hunyesha kuanzia mwezi wa Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Septemba hadi Novemba au zaidi. Kwa hiyo miezi ya Januari na Februari ndiyo ya kuvunja na kufukia.

Kwanza hukatwa umeme. Nyaya za pampu na za taa zilizo chini ya maji ziondolewe na fundi wa umeme kutoka kwenye kibao kikuu, wala si kukatwa kwa panga. Pili, chumba cha pampu kikaguliwe. Mara nyingi humo husahauliwa makopo ya unga wa klorini na madumu ya asidi. Vitu hivi viwili vikichanganyika hutoa hewa ya sumu, na unga wa klorini ukikutana na mafuta huweza kuwaka moto. Kila kimoja kiondolewe peke yake, kikiwa kikavu na kimefungwa, na ofisi ya afya ya mji iulizwe mahali pa kukipeleka. Kamwe kisizikwe humo humo bwawani.

Ndipo maji yatolewe kwa pampu ndogo ya kukodi. Bwawa la mita 10 kwa 5, lenye kina cha mita 1 upande mmoja na mita 2 upande wa pili, lina wastani wa kina cha mita 1 na nusu. Maana yake ni mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Maji mengi kiasi hicho yakiachiliwa kwa mara moja katika mteremko yatabomoa kingo na kung'oa mihogo ya jirani wa chini. Yatolewe polepole kwa siku kadhaa, kwa bomba linalofika kwenye mfereji wa barabara, baada ya jirani kuarifiwa. Bwawa likiwa bado lina klorini, dawa isitiwe tena na maji yaachwe juani kwa siku nyingi kwanza, ili yasiue samaki na vyura wa bondeni.

Palipo na chemchemi, au karibu na ziwa, kazi hii isifanywe wakati ardhi imelowa. Maji ya chini ya ardhi husukuma juu, na bwawa likiwa tupu huweza kuinuliwa kama mtumbwi na kupasua kila kitu kinachoshikamana nalo. Hiyo ni sababu nyingine ya kungojea kiangazi.

SAKAFU ITOBOLEWE

Baada ya tope kuondolewa huanza kazi ya nyundo kubwa. Sakafu ya bwawa ilijengwa ili isipitishe hata tone, na sifa hiyo sasa ni hasara. Ikifukiwa bila kutobolewa, bwawa litageuka bakuli chini ya bustani. Mvua zitalijaza, udongo utakuwa uji, na nyasi zitaoza mizizi.

Kwa bwawa la ukubwa uliotajwa yatobolewe matundu yasiyopungua 10, kila moja lenye upana wa sentimita 30 hadi 50, na mengi yawe upande wa kina kirefu, maana maji hukimbilia huko. Kila tundu lazima lipite zege yote hadi udongo uonekane. Kipimo chake ni rahisi. Mimina ndoo kadhaa za maji na kutazama. Yakiwa yamekwisha kesho yake, kazi ni njema. Yakiwa bado yapo kwa sababu ardhi ni ya mfinyanzi, na nyumba iko mlimani, basi utobolewe pia ukuta wa upande wa chini na kuchimbwa mfereji wenye kokoto utakaoyatoa maji nje ya shimo bila kuyaelekeza kwa jirani.

Baada ya sakafu huja zamu ya kuta. Zivunjwe kuanzia juu hadi kina cha sentimita 60 hivi, na nondo zikatwe. Sehemu hii ikiachwa, ukuta utajichora juu ya nyasi kila kiangazi kwa mstari wa majani makavu, kwa sababu penye udongo mwembamba juu ya zege nyasi hufa kwanza. Vipande vya zege vilivyovunjwa hutumika kuwa kifusi cha chini kabisa. Vigae na mawe bapa ya ukingoni yawekwe pembeni, yatafaa baadaye. Mabomba yote yaliyobaki yazibwe kwa zege, yasije yakawa barabara za panya.

Wavunjaji wavae buti na miwani ya kukinga macho, na wasifanye kazi chini ya ukuta unaobomolewa. Watoto wawekwe mbali kwa ua wa miti au mabati tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kwani shimo lisilo na maji nalo huvunja miguu.

TABAKA KWA TABAKA

Hesabu ya udongo ifanywe kabla ya lori la kwanza kufika. Mita za ujazo 75 zinapotakiwa kujazwa, na udongo ukishindiliwa hupungua, yafaa kuongeza robo. Hivyo jumla ni kama mita za ujazo 94. Tipa linalobeba mita za ujazo 7 litakuja mara 13 au 14, likipunguza kidogo kwa ajili ya kifusi kilichopatikana kwenye kuta. Aliyeagiza lori tatu kwa kukisia ataona aibu.

Udongo mwekundu wenye changarawe, ambao wakazi wa Uganda huuita maramu, ni mzuri kwa kujazia. Usiwe na mizizi, magogo, mifuko ya plastiki wala makopo. Mti uliofukiwa huliwa na mchwa na kuoza, na mahali pake hubaki tundu. Wala udongo usichotwe kwenye kingo za mabonde yenye mafunjo, kwa sababu mabonde hayo ndiyo yanayochuja maji yaendayo ziwani.

Mpangilio ni huu. Chini hukaa vipande vya zege, vikubwa vikipangwa kwa mkono ili visiachane kwa mianya mikubwa. Juu yake humwagwa kokoto, kisha mchanga, ili udongo laini usioshwe na mvua na kutumbukia kati ya mawe. Wenye uwezo hutandika hapo kitambaa cha kuchujia kinachouzwa kwa wajenzi wa barabara. Ndipo huja maramu, kwa tabaka zisizozidi sentimita 20 hadi 30. Kila tabaka hushindiliwa vizuri kabla ya lingine kumwagwa, kwa mashine ya kukodi au kwa gogo zito lenye mipini miwili linaloinuliwa na kuangushwa na watu wawili.

Unyevu nao una kipimo chake. Udongo ukifumbatwa mkononi ukashikamana bila kudondosha maji, unafaa. Ukimwagika kama unga, unyunyiziwe. Ukitoa maji, ungojewe. Hapa ndipo familia ya sajini ilipopoteza siku 4 kwa sababu ya mvua isiyotazamiwa, naye sajini akataka kuendelea. Mkewe, aliyelelewa katika shamba la migomba, alichukua gumba la tope akaliminya mpaka maji yakachuruzika kwenye kiwiko chake. "Hili utalishindilia vipi, Mzee? Litakukimbia." Wakangoja.

Maramu isijazwe mpaka juu kabisa. Ziachwe sentimita 40 kwa ajili ya udongo wenye rutuba utakaokuja baadaye, na juu yake imwagwe kwa muda tuta dogo la udongo wa kawaida, lililoinuka katikati ili maji ya mvua yateremke pande zote. Mwisho wa Februari kazi hiyo iwe imekwisha.

MVUA NAZO ZIFANYE KAZI YAKE

Kuanzia Machi hadi Mei mwenye bustani hana kazi kubwa isipokuwa kutazama, na hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Hata kifusi kilichoshindiliwa kwa bidii hushuka kidogo mvua zinapokipitia. Aliyepanda nyasi mapema huzipanda juu ya ardhi ambayo bado inatembea. Baada ya masika huona dimbwi katikati ya uwanja wake, na mbu aliowafukuza kwa mlango wamerudi kwa dirisha.

Wakwe wa sajini walikuja mwezi wa nne kama ilivyopangwa. Walikalishwa upande wa mbele, chini ya turubai lililokaribia kugusa barabara, wakabanana bega kwa bega. Sajini alipoulizwa kwa nini hakutumia uwanja wa nyuma ulio mpana, alijibu kwamba uwanja huo ulikuwa bado "uko mafunzoni". Wageni walicheka. Lakini mvua kubwa ya mwezi wa tano ilipopita, upande wa kina kirefu ulikuwa umeshuka kwa urefu wa kiganja. Laiti turubai na viti vingewekwa pale, miguu ya meza ingezama mbele ya wakwe.

Katika miezi ya Juni na Julai mahali palipobonyea hujazwa tena na kushindiliwa. Kigingi kilichopigwa nje ya bwawa na kamba iliyovutwa kwa pimamaji huonyesha kama ardhi ingali inashuka. Ikiwa kipimo cha leo na cha wiki tatu baadaye, baada ya kumwagilia sana, ni kile kile, kazi ya chini imekwisha.

UDONGO WA JUU NA UCHAGUZI WA NYASI

Mwezi wa Agosti lile tuta la muda huondolewa na kutumika kusawazisha ua. Mahali pake huwekwa udongo mweusi wenye rutuba, sentimita 40 kabla ya kutulia. Kina hiki kina sababu yake. Vipande vya zege na vumbi la saruji huufanya udongo ulio karibu nao kuwa na chokaa nyingi, jambo lisilopendwa na mimea mingi. Mizizi ikipewa nafasi ya kutosha juu yake haitaona tabu. Samadi iliyooza vizuri ichanganywe katika sentimita 15 za juu. Samadi mbichi huunguza miche na kuleta magugu.

Uso wa uwanja usawazishwe kwa reki, ukiteremka kutoka kwenye nyumba kwa kiasi cha sentimita 2 kila mita 1. Jicho halitauona mteremko huo, lakini maji yatauona. Kisha udongo umwagiliwe na kuachwa kwa wiki mbili. Magugu yatakayoota yang'olewe yote, hasa ndago, ambayo lazima ichimbuliwe pamoja na vijiazi vyake. Ndago iliyokatwa juu tu imepogolewa, haijaondolewa.

Katika kuchagua nyasi, uzuri usitangulizwe mbele ya matumizi. Pasipalamu, ambayo huonekana katika nyua nyingi za Uganda, ina jani pana na mizizi ya kina. Huvumilia jua na miguu ya watoto. Ukoka una jani jembamba na hufanya zulia zuri, ila huchukia kivuli na huvamia vitalu vya maua na mboga. Nyasi za Kikuyu hufaa zaidi sehemu za baridi kama Kabale. Chini ya mti mkubwa ni heri kuacha nyasi na kuweka mawe au maua yanayopenda kivuli.

Vuli ikianza mwezi wa Septemba, nyasi hupandwa kwa vipande. Kila kipande kiwe na mizizi, au walau vifundo viwili au vitatu. Huchimbwa vijifereji vyenye umbali wa sentimita 20, vipande hulazwa humo, theluthi mbili hufukiwa na theluthi moja huachwa nje, kisha hukanyagwa taratibu kwa mguu. Vipande vilivyong'olewa vipandwe siku hiyo hiyo, na vikingoja vifunikwe kwa gunia bichi. Mvua isiponyesha, vimwagiliwe kila siku kwa wiki mbili za kwanza, asubuhi au jioni.

Uwanja uliopandwa hivyo na kupaliliwa kwa mkono huweza kufunikwa katika muda wa miezi miwili au mitatu. Ukataji wa kwanza ungoje nyasi zifikie kama sentimita 8, na tangu hapo zisipunguzwe zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa mara moja. Kunyoa nyasi hadi udongo uonekane, kama wafanyavyo wengi kwa fyekeo ili wapumzike mwezi mzima, ni kuyaalika magugu. Baadaye mahali padogo pakibonyea, panyunyiziwe udongo mkavu wa unene wa sentimita 1 tu. Nyasi zitapenya, kisha rudia mpaka pasawazike.

SURA YA BUSTANI

Mahali palipokuwa bwawa paachwe wazi, pawe uwanja wa watoto kucheza na wa wageni kukaa. Pasipandwe mwembe wala mfenesi, kwa kuwa mizizi ya mti mkubwa haitapata mahali pa kujishika kati ya kuta zilizobaki chini, na upepo mkali waweza kuuangusha. Mti wa kivuli upandwe nje ya mipaka ya bwawa, mita kadhaa kutoka ukutani. Migomba na mipapai ikae upande wa chini wa mteremko, mahali maji ya ziada yanapoelekea, nayo itayatumia badala ya kuyaacha yatuame.

Yale mawe bapa yaliyookolewa ukingoni hutengeneza njia kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo. Yazikwe sawa na uso wa nyasi ili fyekeo lisiyagonge. Kando ya njia mchaichai hushikilia udongo na kutia harufu katika chai ya jioni. Karibu na jikoni kitalu chembamba cha dodo, nakati na sukuma wiki hulipa gharama ya samadi. Kwenye ukuta wa nyuma bogenvilia hupendeza macho, na miiba yake humkatisha tamaa mwizi.

Na katika uzuri huo wote pasiachwe kopo, gurudumu la gari wala chungu cha maua chenye maji chini yake. Haina maana kufukia lita 75,000 na kuwaachia mbu lita moja.

KUMBUKUMBU YA KILICHO CHINI

Bado lipo jambo moja ambalo wengi hulisahau. Bwawa lililofukiwa namna hii limeondolewa machoni, lakini sehemu ya kuta zake na sakafu yake ingali chini. Juu yake pasijengwe nyumba, banda la gari wala tangi la maji. Anayekusudia kujenga lazima atoe zege yote hadi kipande cha mwisho, na ajazie kwa maelekezo ya mhandisi. Kwa hiyo uchorwe mchoro wa ua, uonyeshe mahali bwawa lilipokuwa kwa kupima kutoka pembe mbili za nyumba, kina chake, na mwezi na mwaka lilipofukiwa. Mchoro huo uwekwe pamoja na hati ya nyumba. Siku nyumba itakapouzwa, au watoto watakaporithi, mtu asije akaweka msingi juu ya siri ya mwingine. Kadhalika, kabla ya kuanza kazi yote, ofisi ya mji iulizwe kama kibali kinatakiwa.

Katika mfano huu, sajini ndiye aliyechora. Alipima kwa hatua zake za gwaride, kisha mkewe akapima tena kwa futi kamba, na tofauti ikawa ndogo kuliko alivyotazamia mama. Mwezi wa Desemba, mwaka mmoja kamili tangu mpira ulipokutwa ukielea, mpira ule ule ulipigwa ukaviringika hadi katikati ya uwanja, mahali palipokuwa na kina cha mita 2. Mtoto aliukimbilia peke yake. Bibi yake, aliyekuwa akichambua nakati mlangoni pa jikoni, aliinua kichwa kwa mazoea, akatazama, kisha akaendelea kuchambua.